Debe Lisilovuja Halioteshi Sukuma

Niseme mapema ili tusije kulaumiana mbele: mimi si mkulima. Ukiniwekea mbegu ya sukuma na mbegu ya kabichi kwenye kiganja, nitakuambia zote ni nzuri na nitakuuliza bei. Miaka yote niliyokuwa na nguvu hapa Nairobi, kazi yangu ilikuwa debe. Nilikata debe, nikakunja debe, nikaziba debe, nikauza debe. Lakini ninyi vijana mnaopita hapa kwangu mkasimama kutazama mboga zangu, kila siku swali lenu ni lile lile: "Mzee, hii ulijifunzia wapi?" Nawajibu kwa maandishi kwa sababu mkisimama kunisikiliza mnanikanyagia dania.

Nilijifunza kwa kufanya kinyume cha kila nilichofundishwa. Na ilibaki kidogo tu nipandishwe basi la Machakos, sanduku juu, mimi ndani, mke wangu kando yangu akitazama dirishani kama mtu aliyeshinda kesi. Kisa, sukuma.

Najua siku hizi mnapanda kwa magunia, na wengine wenu mnadhani ninyi ndio wa kwanza kupanda mboga bila shamba. Sawa. Nami nilidhani mimi ndiye wa kwanza. Ila kisa hiki hakianzi na mboga. Kinaanza na jivu.

Nilipofika mjini kutoka Machakos, uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, nilipata kazi Sarang'ombe, kule Kibera, kwa Mnubi mmoja aliyeitwa Mzee Rajabu. Karakana yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, kando ya njia ya kwenda bombani. Hapo palikuwa mahali pa maana, kwa sababu kila mama aliyekwenda kuchota maji alipita mbele yetu na debe lake, na kila aliyerudi na debe linalovuja alirudi akiwa amelowa na mwenye hasira, yaani mteja tayari.

Mzee Rajabu alikuwa na mtihani mmoja tu. Ukimaliza kuziba debe, alimwaga jivu kavu chini, akalisawazisha kwa kiganja, akaweka debe juu yake na kulijaza maji hadi mdomoni. Kisha alikwenda kunywa chai. Na chai ya Mzee Rajabu haikuwa ya haraka. Akirudi, alinyanyua debe na kutazama. Jivu likiwa kavu, siku hiyo umekula. Likiwa na duara la maji, hata dogo kama sarafu, alikupa mkono kwa heshima zote.

"Hongera," alisema. "Umenunua."

Basi mwaka wangu wa kwanza mteja mkubwa wa karakana ile nilikuwa mimi.

"Wewe Mkamba," aliniambia, "maji hayana haya. Ukiyaachia nafasi ya sindano yatapita, na yakipita yataita wenzake."

Alinifundisha kwamba risasi ya kulehemu haishiki kwenye uchafu. Wengi hukimbilia moto. Kwanza sugua, halafu sugua tena, halafu ndiyo uchukue chuma, na chuma kiwe kimeiva kweli. Mkono ukiwa na haraka, risasi inalala juu tu kama mgeni asiyetaka kuvua koti. Kazi yoyote mtakayofanya, hata ya kompyuta, shikeni hilo.

Mara moja tu niliruka mtihani wa jivu. Ilikuwa Jumamosi, wateja wamejaa, Mzee yuko kwenye chai. Nikamuuzia debe mama mmoja wa Soweto West, nikapokea pesa, nikazihesabu mara mbili kama kawaida yangu. Mimi nahesabu mara mbili: ya kwanza ni ya mteja, ya pili ni yangu. Zikilingana nahesabu tena, kwa sababu lazima kuna mahali naibiwa.

Hata chai ya Mzee haijaisha, nikasikia sauti.

"Nani ameniuzia hii mvua?"

Alikuwa amelowa kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Wenzake waliokuwa njiani walisimama wote. Kibera hakuna anayepita kisa bure.

"Mama, lete nikuzibie bure kabisa," nikasema, nikidhani bei hiyo itamfurahisha.

"Sitaki kuzibiwa. Nimenunua maji debe moja. Nimefika kwangu na nusu. Nusu yangu iko wapi?"

"Iko... njiani, mama."

"Basi nenda ukaizoe!"

Wale akina mama walicheka hadi mmoja akaweka debe lake chini. Mzee Rajabu akatokea na kikombe chake, akasikiliza pande zote mbili kama chifu, akahukumu: nimbebee yule mama maji mpaka atosheke. Na alikuwa mama wa kutosheka polepole. Nilibeba kwa debe lile lile nililomuuzia. Huko njiani nilijifunza jambo ambalo hakuna fundi angenifundisha akiwa ameketi: debe likivuja kichwani, tone halianguki chini. Linaingia shingoni, linashuka mgongoni, linakufuata mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo sikuacha tundu tena. Tundu likawa adui yangu kabisa. Hata nikiona soksi yenye tundu mkono ulikuwa unatafuta chuma.

Miaka ikaenda. Tulitengeneza karai, koroboi, sanduku za watoto wa shule, mifereji ya kukinga mvua. Kisha ikaja plastiki.

Jerikeni la kwanza lililetwa karakanani na jamaa mmoja aliyekuja kutuchokoza. La manjano. Mzee Rajabu alilibonyeza kwa kidole gumba, likaingia, alipoachilia likatoka tena.

"Hiki ni kibofu cha ng'ombe," akasema, "kimepakwa rangi tu."

Akamwaga jivu. Akajaza maji. Akaenda kunywa chai. Aliporudi akanyanyua: kavu. Akaliweka chini, akalinyanyua tena: kavu. Alirudi kunywa chai nyingine, na hiyo ya pili ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuona. Hapo nikajua kazi yetu imeanza kuota mvi.

Mzee alipumzika kabla hajauona mwisho wa kazi hiyo. Aliniachia chuma chake cha kulehemu, na debe moja alilotengeneza kwa mkono wake, debe lililokaa juu ya jivu mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kukumbuka na halikuwahi kulilowesha. Nilifanya kazi peke yangu miaka mingine, nikiuza kidogo, nikipunguza bei, kisha nikipunguza chakula. Mwishowe nikafunga. Na fundi wa debe hana penseni. Penseni yangu ilikuwa madebe yaliyokosa wanunuzi. Niliyapakia kwenye mkokoteni hadi Kawangware, mtaa wa Kongo, tulikokuwa tumepanga chumba, nikayarundika nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo mke wangu, Mama Mumo, aliponikalisha.

"Baba Mumo," akasema, "kazi imeisha. Twende nyumbani. Shamba liko. Mbaazi zangu ziko. Hapa tunanunua hata majani, kitu mbuzi anakula bure."

Maneno ya haki kabisa. Lakini mimi nilikuwa na shida, na ilikuwa ya kujitakia. Miaka hiyo yote, nikienda Machakos wakati wa Krismasi na kuulizwa nafanya nini Nairobi, nilikuwa nikisema nina kiwanda. Sikusema ni cha nini. Mara moja ndugu yangu aliuliza kama kina wafanyakazi, nikamwambia wachache. Ilikuwa kweli, mmoja ni kidogo. Sasa mwenye kiwanda anarudi nyumbani na nini? Atashuka kwenye basi kijiji kizima kikisubiri mgawo, ashushe sufuria mbili na godoro?

Nikamwambia Mama Mumo nitapanda mboga hapa hapa, tusinunue. Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi akipanda ngazi.

"Wewe? Upande?"

Tukapatana, na mapatano yetu hayakuwa na kona: tukianza kuchuma, mpaka mvua ziishe, kila jioni sufuria iwe na mboga isiyonunuliwa. Jioni atakayolazimika kwenda kwa mama mboga, kesho yake tunakata tikiti. Nilijaribu kuomba punguzo la Jumapili. Akakataa. Huyu ndiye mtu pekee Nairobi nzima ambaye sijawahi kumshusha bei.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mwenye ploti, Mama Nyokabi, mama wa kanisa, mwenye ardhi ya baba yake na babu yake, na mwenye macho yaliyoona kila kona ya ardhi hiyo.

"Fundi," akaniambia aliponiona na jembe la kuazima, "kwa ardhi yangu hupandi. Leo ni sukuma, kesho ni ndizi, kesho kutwa unaniletea wazee waseme babu yako alizikwa hapa."

"Mama, babu yangu alizikwa Machakos."

"Ndivyo wote husema mwanzoni."

Sikubishana, kwa sababu mtu akiogopa hilo hana kosa. Mtaani humu nimeona mgomba ukigeuka kesi. Nikamwambia sitagusa ardhi yake hata kwa kidole. Shamba langu litakaa ndani ya debe, na siku akitaka nihame, nitahama nalo. Akafikiri, akasema, "Kwa debe, sawa. Lakini nitakuwa nikiangalia."

Udongo je? Jirani wa upande wa pili wa ua alikuwa anachimbiwa choo. Vijana wako shimoni, udongo umejaa uwanja.

"Mkubwa, huu mchanga mnapeleka wapi?"

"Mbali. Mwenye choo hataki kuuona."

"Mbali ni pesa ngapi?"

Akataja bei ya mkokoteni. Nikamwambia anipe nusu yake, nami nitaupeleka mbali kwa mikono yangu. Tukakubaliana kwa robo na chai. Mbali ikawa nyuma ya ua. Sijui kama kuna mtu mwingine Nairobi amewahi kulipwa ili achukue ardhi. Labda wapo, lakini hao hawabebi wenyewe.

Mama Mumo alichukua donge la udongo ule, akalifinya kwa vidole. Mwekundu, mzito, umetoka chini kabisa.

"Hii haijawahi kuona hata mjusi," akasema. "Ichanganye na mbolea ya ng'ombe."

Ng'ombe walikuwa wa Mama Nyokabi, wawili, nyuma ya ploti.

"Mama, hiyo mbolea unaifanyia nini?"

"Nauza."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu kama wewe, nikishaona anaitaka."

Hapo nilijua nimekutana na mwenzangu. Nikaacha kuitaka. Nikatazama mkebe wake wa maziwa, nikasikitika. "Mkebe wako unalia, mama." Kweli ulikuwa ukidondosha maziwa, na paka watatu walikuwa wamehamia hapo. Nikaziba mkebe, akanipa mbolea, paka wakahama. Vijana, ukitaka kitu cha mtu usikitazame. Tazama kitu chake kingine kilichoharibika.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo pana ujinga wenyewe.

Nilichagua madebe kumi na mawili. Kabla ya kutia udongo, nikayakagua moja moja. Lililokuwa na kutu nikasugua. Lililokuwa na tundu nikaziba. Kisha nikamwaga jivu, nikajaza maji, nikaenda kunywa chai ndefu kama ya Mzee Rajabu. Yote kumi na mawili yakatoka kavu. La Mzee mwenyewe lilikuwa miongoni mwao, nikaliweka mbele kama kiongozi wa kwaya.

Mama Mumo alikuwa akipepeta mahindi. "Unayaziba ya nini?"

"Maji ni ya kununua. Kila tone litakalotoka humu ni pesa inayotembea."

Niambieni ninyi, hesabu hiyo ina kasoro wapi? Nilihesabu mara mbili, ikanipa jibu lile lile.

Nikatia udongo, nikapanda miche ya sukuma, kunde kidogo, na dania katika debe la Mzee. Miche ilishika. Mvua zikaanza, nami sikuacha kumwagilia, maana mwenye kiwanda habahatishi. Baada ya muda majani yakaanza kuwa manjano. Manjano kabisa, kama jerikeni, kana kwamba plastiki imenifuata mpaka huku. Nikasema ni kiu. Nikaongeza maji. Yakazidi. Madebe yakaanza kunuka kama mtaro. Mgonjwa wa maji nikamtibu kwa maji, na kila asubuhi nikashangaa mbona hapati nafuu.

Isipokuwa debe moja. Debe lililokuwa karibu na mlango wetu lilikuwa na sukuma ya kijani kibichi, majani mapana kama sikio la tembo. Hilo peke yake ndilo lililotulisha. Kila jioni nilichuma majani ya chini, nikaacha ya juu yakue, na Mama Mumo akayakata membamba sana ili yaonekane mengi. Ugali ulikuwa unatafuta mboga kwa tochi. Lakini mapatano ni mapatano: sufuria ilikuwa na mboga, na haikununuliwa.

"Hili linastawi," nikamwambia, "kwa sababu liko mlangoni, linanisikia nikiongea."

"Basi hayo mengine yamekufa kwa sababu hiyo hiyo," akajibu, akageukia jiko upesi.

Siku moja asubuhi, wanawake wakiwa kwenye foleni ya maji ya ploti, Mama Nyokabi akapaza sauti.

"Fundi! Debe yako inakojoa kwa uwanja yangu!"

Nilitoka na viatu mkononi. Kweli, chini ya debe lile zuri palikuwa na unyevu, na mchirizi mwembamba ulielekea kwake.

"Na huyu ndiye hutuzibia!" mmoja akasema, na foleni nzima ikacheka.

Ningeweza kuvumilia kuitwa mchoyo. Nimeitwa na watu wenye akili. Lakini debe langu livuje mbele ya majirani niliowazibia madebe yao? Mama Mumo alikuwa amekwenda kanisani kwa mkutano wa akina mama. Nilichomoa sukuma ile taratibu na bonge lake la udongo, nikageuza debe. Kulikuwa na matundu chini, madogo, safi, ya mviringo. Sikujiuliza kutu gani inatoboa mviringo. Mkono uliona tundu, mkono ukaenda kwenye chuma. Nikasugua, nikasugua tena, nikaziba. Jivu: kavu. Nikarudisha sukuma, nikaimwagilia vizuri kuipa pole ya safari. Usiku huo nililala usingizi wa mtu mwenye haki.

Haikuchukua muda mrefu. Sikio la kwanza la tembo likalegea. La pili likawa na rangi ya jerikeni. Mama Mumo alisimama mlangoni akilitazama, kisha akainama, akapapasa chini ya debe.

"Baba Mumo. Umefanya nini hapa?"

"Nimeziba. Lilikuwa linavuja."

Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ila kicheko kile cha mtu aliyechoka.

"Niliyatoboa mimi," akasema. "Kwa msumari wako. Siku ile ile uliyopanda."

"Ukatoboa debe langu?"

"Mboga inazama, wewe unaongeza maji! Mti unavuta pumzi kwa miguu. Maji yakikosa pa kutokea, mizizi inaoza. Hata mtoto wa kwetu anajua."

Sasa mimi nahesabu. Nikahesabu mara ya kwanza, nikakosa. Nikahesabu tena.

"Ngoja," nikasema. "Yote yakifa, si unarudi kwa mbaazi zako? Ungekaa tu kimya."

"Ningekaa."

"Sasa ulinitobolea ya nini?"

Alifuta macho kwa kanga. "Nataka kwenda nyumbani, ndiyo. Lakini sitaki kwenda nyumbani na mtu aliyeshindwa na sukuma. Utakaa kwa shamba langu ukinuna mpaka mbaazi zinyauke. Na tena," akaongeza kwa sauti ya chini, "ilikuwa inasikitisha. Mboga haijakosea mtu."

Nikachuma majani yaliyobaki, nikampa akate.

Jioni ile katika sufuria kulikuwa na majani ya mwisho yenye nguvu, na baada ya hapo hakuna. Ilibaki njia moja tu ya kuepuka basi. Nikachukua nyundo. Nikachukua msumari. Nikamwaga udongo wa debe la kwanza, nikaweka msumari kwenye kitako chake, na mkono ukakataa. Nawaambia ukweli, ulikataa kama punda darajani. Maisha yangu yote tundu lilikuwa kosa, lilikuwa mama aliyelowa, lilikuwa Mzee Rajabu akinipa mkono na hongera. Nikafumba macho nikapiga. Nilipiga kidole gumba.

"Ukitaka nishike nyundo, sema," alisema Mama Mumo.

Nikapiga tena, macho wazi. Debe lililia sauti moja fupi. Baada ya hilo la kwanza mengine yalikuwa rahisi, na fundi ni fundi hata akiharibu: nilitoboa matundu matano kila debe, kila kona moja na moja katikati. Piga kutoka ndani kwenda nje, ili ule ukingo mkali utokeze chini na maji yasikwame. Weka mawe madogo juu ya matundu kabla ya udongo, la sivyo udongo utayaziba kwa niaba yangu. Inua debe juu ya matofali mawili lipate hewa. Na upande unaochomwa na jua la mchana, vika gunia kuukuu, kwa sababu bati ni sufuria, utapika mizizi kabla hujapika majani. Haya yote mnayapata bure. Mimi yalinigharimu kidole na heshima.

Nilipomaliza kurudisha udongo na miche iliyosalia, Mama Mumo alitoka na karai. Ndani yake kulikuwa na jivu la jiko. Akamwaga rundo chini ya kila debe, kati ya matofali, akalisawazisha kwa kiganja. Hakuwahi kufanya kazi Sarang'ombe siku hata moja, lakini mke wa fundi huona mengi.

"Tia maji," akasema. "Jivu likibaki kavu, basi ni kesho asubuhi."

Nikatia. Tukasimama. Vijana, nimesimama mbele ya jivu mara nyingi nikiomba likae kavu. Siku hiyo niliomba lilowe. Niliinama nikichungulia kama mtu aliyepoteza sarafu. Chini ya debe la kwanza tone moja likaanguka, likafanya duara jeusi. Kisha la pili. Kisha mstari mzima wa madebe ukawa unadondosha, tap, tap, tap, aibu ya karakana nzima, na mimi nikicheka peke yangu.

Mama Mumo alipita akikagua moja moja, mikono nyuma. Akafika mwisho, akanipa mkono kwa heshima zote.

"Hongera," akasema. "Umenunua."

Halafu akarudi hatua moja. Alikuwa amehesabu mara mbili, na tabia hiyo ameipata kwangu. Chini ya debe la mbele, jivu lilikuwa kavu kabisa.

"Na hili?"

"Hilo ni la Mzee," nikasema.

Alilitazama muda mrefu, na dania yake iliyokuwa inakata roho. Nilikuwa tayari kukata tikiti. Akaing'oa dania, akaihamishia kwenye karai bovu lenye matundu yake ya kuzaliwa. Akasuuza lile debe, akanikabidhi.

"Basi hili lichote maji," akasema. "Na usiwahi kulitoboa."

Sukuma ilichukua muda kusimama. Zile jioni za katikati tulikula majani ya kunde zilizonusurika, na jioni moja tulikula dania tupu, na Mama Mumo hakwenda kwa mama mboga. Alisema dania ni mboga. Mpaka mvua zikaisha hakwenda. Uwanja wa Mama Nyokabi nao ulilowa zaidi kuliko mwanzo, akaja mbio, nikampa bei yangu: fungu la sukuma kila Jumamosi kwa ajili ya unyevu.

"Na ardhi?" akauliza.

"Ardhi ni yako, mama."

"Sema mbele ya watu."

Nikasema mbele ya foleni nzima ya maji. Akataka mafungu mawili. Tukamalizana kwa moja kubwa.

Krismasi tulikwenda Machakos, kutembea tu. Nilipanda basi na debe moja la sukuma magotini, likidondosha maji kwenye viatu vya jirani yangu njia nzima. Ndugu yangu alitupokea stendi. Akatazama debe, akanitazama.

"Na kiwanda kinaendeleaje?"

"Ndiyo hiki," nikamwambia, nikampa alibebe.

Alilibeba mpaka nyumbani. Mgongo wote ulilowa, naye hakuuliza tena habari za kiwanda. Debe lenyewe Mama Mumo aliliweka kando ya mbaazi zake, na kila mwaka akienda kuvuna analikuta limejaa sukuma.

Debe la Mzee Rajabu liko hapa mlangoni, mnaliona kila mkipita. Linyanyueni mkitaka. Chini yake ni kavu hadi leo. Ila mkilinyanyua, nyanyueni mkiwa upande wa njia, kwa sababu upande huu mwingine ni dania.